Hakiki na Kupe la Shemeji

Umma unatangaziwa, wenye magari na waenda kwa miguu, kwamba katika gereji iliyo nyuma ya duka la vyuma, ile yenye geti la bawaba moja, yumo mtu ambaye hajapata kudanganywa na kiumbe yeyote. Heshima kwake. Mlioketi simameni. Mliosimama shikeni mifuko yenu, maana yeye akiwaona ndivyo atakavyofanya.

Jina lake la kuzaliwa lilishachakaa. Watu humwita Hakiki, kwa sababu ukimwambia jambo lolote, hata kwamba kumekucha, atakujibu, "Ngoja kwanza nihakiki." Ni mtu mrefu kupita kiasi, mwenye miguu ambayo akilala kitandani humalizikia kwenye kiti. Maziwa huyanusa kabla ya kuyanunua, baada ya kuyanunua, na baada ya kuyanywa. Ukimwuliza habari za asubuhi anakuuliza, "Kwani umesikia nini?" Siku ya ndoa yake, alipoulizwa kama anamkubali bibi harusi, alinyamaza hadi watu wakaanza kukohoa, kisha akataka kujua kwa nini swali hilo hakuulizwa bibi harusi kwanza.

Mtu wa namna hii angeweza kuwa afisa wa forodha, lakini riziki ilimpeleka kwenye ufundi bodi, na humo alistarehe. Gari, kwa maoni yake, ni uongo uliopakwa rangi. Chini ya rangi kuna puti, ule udongo laini wa kuzibia mabonde ya bati, ukikauka unakuwa kama jiwe. Chini ya puti kuna kutu, na chini ya kutu kuna mwenye gari anayeapa kwamba halijawahi kugongwa. Hakiki hupita akigonga bodi kwa vifundo vya vidole, sikio limeinama, kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Bati zima linaitika. Puti inanyamaza. Akisikia kimya hicho uso wake hung'aa, ukadhani kaletewa habari za mtoto wa kiume.

Alibobea katika magari ya zamani ya Kitaliano, na kuhusu maumbo yake alikuwa na imani kali kuliko za watu wengi kuhusu ahera. Berlina, lile la milango minne, aliliona ni masanduku matatu yaliyogundishwa: la injini, la watu na la mizigo. "Ni gari la karani," alizoea kusema. "Limepigwa pasi vizuri, ila halina wazo." Milango minne nayo aliishuku. Kwa nini kila mtu apewe njia yake ya kutorokea? Spaida, lisilo na paa, hakulijadili kabisa. Mvua ingelijadili kwa niaba yake.

Stesheni ndilo alilokuwa nalo mwenyewe. Lilikuwa berlina ambalo paa lake lilikataa kushuka, likaenda moja kwa moja hadi nyuma na kukatwa wima kama mkate, kisha likapewa mlango mkubwa unaofunguka kwenda juu. Lilikuwa na sura ya kabati linalosafiri. Hakulipenda. Lakini mke wake, ambaye mtaa mzima humwita Mama Makochi kwa kuwa hushona na kuvisha makochi upya, aliingiza humo kochi la watu watatu likiwa zima, miguu ikitazama barabara, akafunga kamba na kuondoka. Kazi yote ya Mama Makochi ilipita kwenye mlango ule wa nyuma. Bila mlango ule angekuwa Mama Mito.

Na kupe? Hapo sauti ya Hakiki hushuka. Kupe alilijua moja tu, jekundu lililoiva, la kaka wa mke wake. Ndiyo, jina ni kama la yule mdudu, na kama yule mdudu lilimganda ngozini tangu ujana. Milango miwili tu. Paa lilianza kushuka juu ya kichwa cha dereva, likateremka taratibu kama mtu anayetoroka mkutanoni, na pale ambapo mkia ungetakiwa kuendelea, Mtaliano aliuchinja wima, hata hakukifuta kisu. Hakiki aliweza kulitazama gari hilo kwa muda ambao wengine huhitaji kula na kunawa. Kwenye kiti cha dereva hakuwahi kukaa. Fundi bodi hukaa nje. Ndani ni mambo ya mshona viti.

Tena lilikuwa na siri, na siri hiyo ndiyo iliyompa mke. Zamani, yeye akiwa fundi mchanga katika gereji hii hii, binti mmoja aliliingiza getini likiwa limebonyea na kuchanika ubavu wa nyuma. Alilichukua bila kumwambia kaka yake, ambaye alikuwa safarini, akaligongesha kwenye nguzo. Bati jipya halikuwepo. Basi Hakiki akafanya kazi yake ya siku zile: akatoboa vitundu pembeni mwa tundu, akashona kwa waya wa shaba kwa mishono ya msalaba, akalaza kipande cha gunia, akapaka puti, akapaka rangi. Mafundi wengine walimcheka kwa mtindo huo, wakamwita fundi cherehani. Hakuna aliyefanya hivyo mjini ila yeye, na hakuna aliyetaka kujifunza. Alichuchumaa kati ya gari na ukuta, ukuta ukimkwaruza mgongo, binti akamshikia taa na kumwambia aharakishe. Kaka alirudi, akaendesha gari lake, hakusema kitu. Wakaoana. Ubavu wenyewe ulikuwa wa kulia. Hilo Hakiki angeapa.

Jumapili moja shemeji akaja. Ni mpima macho, mtu nadhifu, kola yake imenyooka hata siku ya mapumziko. Alisimamisha kupe mbele ya nyumba, akafungua mlango, na mguu mmoja ukatoka. Ukakaa nje peke yake, kama unasubiri ruhusa. Baada ya muda ukafuata mkono, ukashika paa. Kisha kichwa. Kisha sauti ikasema kutoka chini, "Dada, hebu nishike hapa."

Hakiki alilitazama tukio hilo kutoka dirishani. "Anaigiza," alisema.

"Anaigiza nini?" mke wake akamuuliza.

"Sijui bado. Ngoja nihakiki."

Chai ilipomiminwa, shemeji akasafisha koo. "Shemeji, mimi sizunguki. Nichukulie hili kupe, nipe lile stesheni lako. Tubadilishane, basi."

Hakiki aliweka kikombe chini taratibu. Kitu alichokitamani nusu ya umri wake kilikuwa kimewekwa mezani katikati ya sukari na maziwa, na hapo hapo mwili wote ukamsisimka kwa hofu. Mtu hutoa kitu kizuri achukue kibaya kwa sababu gani?

"Kwa nini?" alisema.

"Mgongo. Gari lile liko chini mno. Kuingia naangukia, kutoka nazaliwa upya. Stesheni naingia kama ninavyoingia ofisini."

"Mgongo," Hakiki akarudia, akimtazama shemeji mgongoni kama angeweza kuugonga asikie kama una puti.

"Na makochi yangu?" Mama Makochi akauliza. "Nitayabeba kichwani?"

"Dada, nitakuazima siku za kazi."

"Kila siku ni siku ya kazi, kaka."

Shemeji akacheka, akasema hapana haraka. Atawaachia kupe hadi Jumamosi, mwenye kukagua akague, ajibiwe siku hiyo. Akaweka funguo mezani, akaenda zake kwa miguu, akijinyoosha njia nzima.

"Umeona?" Hakiki alisema. "Ameacha funguo."

"Sasa ulitaka aache nini?"

"Mtu mwema haondoki bila funguo zake."

Wiki ile nyumbani hakukukalika. Hakiki alimtazama mke wake akipiga pasi, akajiuliza kama ndugu hawa wawili wana lao. Mama Makochi aliimba jikoni. Alianza lini kuimba? Akaacha kuimba, ameacha kwa nini? Usiku aligeuka ubavu hadi ubavu, akiliona paa lile likiteremka, na nyuma yake kochi la watu watatu lililokosa usafiri. Akisema ndiyo, mke atabaki na mito. Akisema hapana, kupe litarudi kwa mpima macho, na kesho yake litauzwa kwa mtu atakayelifunga mikia ya plastiki. Lakini kama gari lenyewe ni bovu, basi hakuna swali la kujibu, na mwenye aibu ni shemeji. Unaweza kuona jinsi moyo wake ulivyotamani liwe bovu, na jinsi ulivyotamani lisiwe.

Alhamisi alilisukuma hadi gereji pamoja na rafiki yake, mpaka rangi, mtu mnene mwenye kucha za rangi tofauti. Kulisukuma, ndiyo. Kuliwasha hakukubali. "Nikiliwasha atasema nimelipokea."

"Mimi nikifa kwa kusukuma atasema nini?" mpaka rangi akahema.

Kazi ikaanza. Hakiki alianzia ubavu wa kulia, pale alipojua kuna kazi ya mikono yake. Akagonga kwa upole, kama anayebisha hodi kwa rafiki wa zamani. Bati likaitika. Akagonga juu, chini, karibu na gurudumu. Kote kunaitika, zima, safi, jipya. Akachukua sumaku aliyoifunga kitambaa, akaiweka. Ikanata.

Akasimama.

"Kazi yangu haipo."

"Ipo wapi?"

"Ndiyo nakuuliza. Kulikuwa na puti hapa, yangu. Sasa hakuna. Kwa hiyo hili si lile kupe."

Mpaka rangi akalitazama gari, akamtazama yeye. "Ndugu yangu, mji huu una kupe moja."

"Ndivyo wanavyotaka tuamini."

Akahamia upande wa kushoto, na nyuma ya gurudumu, karibu na pale mkia ulipochinjwa, vidole vikakutana na kimya. Kimya kinene, cha kushiba. Sumaku ikaanguka sakafuni, to. Hakiki akafumba macho kwa raha. Yote yalijipanga kichwani mwake kwa mkupuo: magari mawili, moja limegongwa kulia na jingine kushoto, yakakatwa katikati, nusu nzima ya hili ikaunganishwa na nusu mbovu ya lile. Ndiyo maana shemeji alishuka kama mgonjwa. Dhamira ilikuwa inamuuma, si mgongo.

Akampigia simu pale pale. "Shemeji, usingoje Jumamosi. Njoo leo, uje na maelezo."

"Maelezo ya nini?"

"Utayakuta hapa."

"Sasa tulia," mpaka rangi alisema. "Kila gari la umri huu lina puti mahali. Hata mimi nina meno mawili ya bandia."

"Niletee patasi."

"Usilichokoe, ndugu yangu. Ukilichokoa, la kwako hilo."

Hakusikia. Alilichokoa. Rangi nyekundu ilibanduka kwa vigae, puti ikafuata, vumbi likawapaka wote wawili unga. Kadiri alivyochimba ndivyo alivyohubiri. "Tazama unene huu. Hii si puti, hii ni keki. Aliyefanya hivi hakuwa fundi, alikuwa mwokaji. Mtu wa namna hii hata ukimpa maji ya kunywa uhesabu vikombe."

"Keki yenyewe lakini haijapasuka," mpaka rangi alisema, akiokota kigae. "Ameishikiza vizuri. Kuna nini humo ndani, gunia?"

Patasi ikasita.

Lilikuwa gunia. Na chini ya gunia, kwenye mpaka wa bati lililochanika, ukang'aa waya wa shaba, umepita huku ukarudi kule, msalaba baada ya msalaba.

Mpaka rangi aliinama hadi pua ikakaribia. Akainuka. Alikuwa mtu mwenye huruma, hakucheka mara moja. "Bwana Hakiki, hii si mishono?"

"Ya nini?"

"Ya cherehani."

Hakiki akaugusa waya kwa ncha ya patasi. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata fununu mpya, "Kuna mtu aliniiga."

"Akuige wewe? Kwa faida gani?"

Kabla hajajibu, stesheni likaingia getini na mlango wake wa nyuma juu, likiwa na kiti kikubwa cha kuegemea kilichovikwa kitambaa cha kijani. Mama Makochi akashuka, akauona ubavu wa kupe ulivyofumuliwa, akaweka mikono kiunoni.

"Mume wangu, kwa nini umeifumua kazi yetu?"

"Kazi yetu ilikuwa kulia," Hakiki alisema. "Nilikuwa nimechuchumaa kati ya gari na ukuta. Ukuta ni ule pale, haujahama. Gari likiingia getini, ukuta uko kulia. Nihakikishie kwamba sijaota."

"Hujaota. Ila niliingia kinyumenyume."

"Nini?"

"Niliingiza gari kwa mgongo. Kushoto ndiko kulikotazama ukuta. Wewe ungeliegesha gari la kuiba na jeraha likiwa upande wa barabara, wapita njia wasome?"

Mpaka rangi akageuka kuutazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kwa miaka yote hiyo Hakiki alishuku maziwa, majirani, utabiri wa hali ya hewa na mizani ya muuza nyama. Kumbukumbu yake mwenyewe hakuigonga hata kwa kidole kimoja. Sasa alisimama na patasi mkononi mbele ya kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kuvitazama, alichokichana yeye, akitafuta ulaghai aliouweka yeye, na ameshampigia simu mwenye gari aje ashuhudie.

Na mwenyewe akaja. Alitoka kwenye teksi ya milango minne bila shida yoyote, mgongo wima, jambo ambalo siku nyingine lingemgharimu maswali. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akainama kidogo mbele ya tundu.

"Kaka," Mama Makochi alianza, "kabla hujasema chochote. Ilikuwa zamani. Nililichukua mimi. Ile nguzo ya lango la shule."

"Najua," shemeji alisema.

"Unajua nini?"

"Dada, kazi yangu ni macho. Nilirudi safarini nikakuta ubavu mmoja mwekundu wa nyanya na mwingine mwekundu wa matofali. Ningeona hata ningekuwa mgonjwa wangu mwenyewe."

Hakiki akadakia. "Na hukusema? Miaka yote? Ulikuwa unangojea nini?"

"Nilikuwa nangojea useme wewe. Ulikuja kuposa, ukakaa nyumbani kwetu jasho likikutoka, ukauliza kama maji yetu yamechemshwa, hukusema. Nikajiambia, huyu hana adabu, lakini akishika siri ya dada yangu hata kwa koleo haitoki. Nikakubali."

"Kwa hiyo ulinishuku," Hakiki alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alimtazama shemeji kwa kitu kinachofanana na heshima.

"Nilikushuku sana. Sasa tuyaache. Bei ya maneno imepanda." Shemeji akaegemea stesheni, akaligusa paa kwa mkono bila kuinama, akapumua. "Tunabadilishana au hatubadilishani? Hilo tundu nalichukulia kuwa ni lenu. Lilikuwa lenu tangu mwanzo."

Wote wakamgeukia Hakiki. Yeye akamgeukia mke wake.

Mama Makochi alikitazama kiti cha kijani kilichochungulia kwenye mlango wa nyuma. Akaenda akafungua mlango wa kupe, akapima kwa shubiri, akapima tena, akaufunga. Humo hata mguu mmoja wa kiti usingeingia bila kuvunja urafiki. "Lichukue," alisema. "Makochi nitayatafutia mkokoteni."

"Kwa nini umekubali haraka hivyo?"

"Haraka? Tangu tuoane hujanitazama kwa jicho unalolitazamia hilo gari. Nataka nione mwisho wake, nipumzike."

"Kuna kitu unanificha."

"Kuna kochi la watu watatu linalongoja kwa mteja. Hilo ndilo jambo ninalolificha. Ingia tuone."

Basi ikawa. Hakiki alifuta mikono kwa tambara, akaifuta tena kwa suruali, akavua kofia. Mpaka rangi akajitokeza kutoka ukutani, macho yamelowa, akafungua mlango na kusimama pembeni kama mlinzi wa hoteli. Shemeji akapisha. Jua liliangukia juu ya paa lile, likateremka nalo taratibu hadi pale mkia ulipochinjwa, na hata tundu la ubavuni, na shaba yake ikimeremeta, lilionekana kama nishani. Mtu ambaye hajapata kudanganywa akainama. Akaingiza mguu mmoja, akangoja. Akaingiza kichwa, kikagonga paa, na bati likaitika, zima. Akaukunja mguu wa pili, akaukunja tena palipobaki, akauvuta ndani. Mlango ukafungwa. Akashika usukani, uliokuwa mbali mbele yake kama sahani ya mgeni, huku pedeli zikiwa karibu kabisa na kiti.

Walimpa muda. Mtu akifikia kilele cha maisha yake hahimizwi.

Mwishowe Mama Makochi akainama dirishani. "Haya, Baba. Umelitamani kabla hujanitamani mimi. Sema basi, likoje?"

Hakiki alitazama mbele kupitia kioo, kidevu kikiwa katikati ya mapaja yake.

"Magoti hayana pa kwenda," alisema.